Mkono Nyuma ya Mlango

Saa mbili asubuhi, zimebaki siku tatu Krismasi ifike, na Priscilla Changawa yumo shimoni. Shimo lenyewe ni la udongo, nyuma ya nyumba moja ya wageni mjini Garsen. Amefunga leso juu ya magoti, mikono kaiweka kiunoni, na anakanyaga bila haraka: mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Chini ya nyayo zake kuna udongo wa mto, mavi mabichi ya ng'ombe, majivu na nyasi zilizokatwakatwa. Kila hatua inatoa mlio ambao watoto wa mtaa, waliojipanga kwenye ua kutazama, wanauiga na kucheka mpaka wanakaa chini.

"Wacheni wacheke," anasema. "Udongo ukilia hivyo ujue umeiva. Ukinyamaza, ukuta utapasuka kabla Yesu hajazaliwa."

Ana umri wa miaka arobaini na tisa, na kwa miaka ishirini na miwili hii ndiyo kazi yake ya Desemba: kuzivisha nyumba Krismasi. Anakandika kuta upya, anazisiriba kwa kiganja mpaka zinalainika kama shavu la mtoto, kisha anazichora mistari ya udongo mwekundu, chokaa na masizi. Juu ya milango anatundika nyota alizosuka kwa milala, majani ya mkoma. Barazani anasimamisha tawi la mathenge, ule mti wa miiba ambao wafugaji na wakulima wa Tana, wasiokubaliana mengi, wamekubaliana kuulaani. Analivisha pamba, makombe madogo kutoka ufuo wa Kipini na tepe za leso zilizochakaa.

"Mwaka mzima mathenge ni adui," anasema. "Krismasi ndiyo siku pekee anakaribishwa ndani."

Zamani wateja wake walikuwa kina mama wa vijiji vya kando ya mto, watu wanaoweza kukubali kulala na njaa lakini hawakubali Krismasi iwakute na ukuta wa mwaka jana. Siku hizi wamezidi watu wa mjini. Mwenye nyumba ya mawe sasa anataka kibanda cha udongo uani, cha kupigia picha. Udongo walioukimbia baba zao, wao wanaulipia. Priscilla hawacheki, maana biashara ni biashara. Nyumba ya kijijini hulipwa shilingi elfu mbili na mia tano, ya mjini elfu sita, na Desemba ikiwa njema anakandika kumi. Pesa hizo ndizo zinazomvusha yeye na mumewe Enos, mkulima wa mpunga na ndizi, mpaka shamba litakapotoa tena kitu.

Ila iko nyumba moja kijijini Kulesa, kando ya mto Tana, ambayo mkono wake haujaigusa tangu Desemba ya mwaka 2022. Nyumba hiyo ni yake mwenyewe.

"Mganga hajigangi," anajibu akiulizwa, na anaendelea kukanyaga. Ni jibu la kumfunga mgeni mdomo, na kwa kawaida humfunga.

Saa nne hivi anaingia Qabale Duba na punda wake aliyebeba magunia mawili ya mavi mabichi. Qabale ni Muorma, mfugaji, jirani ya Priscilla kwa miaka kumi na mitano. Wanaitana kwa vifungua mimba wao, Mama Jatani na Mama Zachary. Mapatano yao ni ya zamani na hayajawahi kuandikwa popote: ng'ombe wa Qabale hutoa, kuta za Priscilla hupokea.

"Krismasi yenu bila ng'ombe yangu iko wapi?" Qabale anatania huku akifungua kamba. "Nyinyi wenyewe mnasema, huyo mtoto alizaliwa wapi? Si kwa ng'ombe?"

Priscilla anacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Basi ingekuwa siku njema ya kazi kama nyingine, lau mwenye nyumba asingetoka nje na simu mkononi.

Bwana Oliver si mtu mbaya. Ni mtu aliyeona picha. Anamwonyesha Priscilla kioo cha simu na kumweleza kwamba kwenye ukuta wa mbele wa kibanda cha uani, udongo ukiwa bado mbichi, anataka watoto hawa hawa waliojipanga uani wakandamize mikono yao, mmoja baada ya mwingine, kuzunguka mlango wote. "Wageni watapenda sana, mama. Inaonyesha familia. Kitu asili kabisa."

Watoto wamesikia. Tayari wanasukumana na kuonyeshana viganja.

Priscilla anatoka shimoni. Anajifuta miguu kwa nyasi, polepole.

"Hiyo sifanyi," anasema.

"Nitakuongeza."

"Si pesa, Bwana Oliver. Mikono ya watoto siweki ukutani. Ikiwa ni lazima, tafuta fundi mwingine amalizie."

"Kama ni mambo ya kanisa lenu..."

"Si ya kanisa."

Anakwenda kuketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kivulini mwa tangi la maji, udongo umemkaukia mpaka kwenye viwiko. Shimoni mchanganyiko unaanza kufanya ngozi juu. Udongo haungoji mtu amalize huzuni yake. Ukiachwa nusu saa juani unaharibika, na kila mtu uani hapo anajua, na hakuna anayethubutu kumkumbusha.

Ni hapo, juu ya ndoo, anapokubali kueleza.

Mama yake alikuwa na desturi. Kila Desemba, akimaliza kukandika nyumba, alimpaka kila mtoto majivu kiganjani ili udongo usimnate, akampeleka nyuma ya mlango, kwa ndani, akamwambia akandamize mkono ukutani usawa wa kifua chake. Mwaka uliofuata ukuta ulimwagiwa maji, ukachanjwa kwa panga mistari mistari ili udongo mpya upate pa kushika, na mkono wa zamani ukaenda na wakati wake. Mtoto akaweka mwingine juu kidogo, mpana kidogo.

"Ndivyo mama alivyotupima," Priscilla anasema. "Hakuwa na daftari. Alikuwa na mlango. Na hakuna aliyelilia mkono wa mwaka jana, kwa sababu mwenye mkono alikuwapo, anazurura uani anachafua nguo."

Naye akaifuata kwa wanawe. Zachary, ambaye sasa ni kijana wa kazi huko Malindi, aliweka mkono wake mpaka alipofika miaka kumi na mitatu akasema yeye ni mwanamume, aachwe. Kisha akaja Hope, kitinda mimba, aliyezaliwa Priscilla akiwa na miaka thelathini na tisa na akidhani mambo ya nepi yamemwisha. Desemba ya 2022 Hope alikuwa na miaka saba. Alipakwa majivu, akakandamiza mkono wake wa kulia, kisha akauegemea kwa uzito wake wote mpaka kidole gumba kikazama.

"Nikamwambia, we, utatoboa ukuta. Akasema anataka utokee upande wa pili."

Mto ulivunja kingo zake Novemba iliyofuata. Siku mbili familia ilikaa juu ya vitanda ikitumaini maji yatageuka. Siku ya tatu waliingia mtumbwini, watu saba, mbuzi wawili na godoro moja, wakielekea ardhi ya juu. Katikati ya miti iliyozama mtumbwi uligonga kisiki kilichofichwa na maji, ukapinduka.

"Nilikuwa nimemshika," Priscilla anasema. Anautazama mkono wake wa kushoto, anaufumbua na kuufumba. "Nilikuwa nimemshika kwa mkono huu hapa. Nilikuwa nimemshika vizuri."

Jirani zake ndio wanaomalizia: wote walitoka majini isipokuwa mtoto. Alipatikana siku ya nne, mbali chini kule upande wa Chara, na akazikwa huko huko, kwa sababu Kulesa hapakuwa na mahali pakavu pa kuchimba kaburi.

Maji yalipopungua wakarudi nyumbani. Ukutani yalikuwa yameacha mstari wa tope uliozunguka chumba kizima, na chini ya mstari huo udongo wote ulikuwa umekwenda, zimebaki fito tupu kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nyuma ya mlango mstari ulikoma vidole vinne chini ya mkono wa Hope. Mkono wenyewe haukuguswa.

Fundi yeyote angejua la kufanya: kubomoa kilicholegea, kumwaga maji, kuchanja, kukandika upya. Priscilla alijua kuliko fundi yeyote wa Kulesa, na hakufanya. Enos akaziba chini kwa magunia, mke wake akayatazama magunia. Akikandika, anaufuta mkono. Asipokandika, ukuta unaanguka, na mkono unaanguka nao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini hawakutuambia la kufanya ikiwa ufa umepita kando ya kiganja cha mwanao.

Jirani wengi walihamia ardhi ya juu. Enos alipata kiwanja huko, akamsihi wahame. Kwa mtumbwi ni nusu saa tu. Kwa barabara unazunguka siku nzima na mkokoteni. Priscilla alikataa mara tatu, na hakutoa sababu. Enos hakuhitaji kuambiwa. Wengine hawakujua, maana kutwa mlango ulikuwa wazi, umeuegemea ukuta ule, na mama mwenyewe hakumwambia mtu. Kijijini wangesema anafuga wafu ndani. Jioni akifunga mlango alikuwa akiweka kiganja chake juu ya kile kidogo, kisha anakwenda kuinjika sufuria. Ndiyo ibada pekee aliyokuwa nayo.

Mwaka jana, juma la Krismasi, alikwenda Kipini kwa kazi ya siku mbili. Enos alikuwa shambani akilinda mpunga usiliwe na viboko. Nyumba ikabaki peke yake, na kina mama wa kanisa wakaiona.

"Tuliona aibu," anasema Dorothy Ishmael, mwenyekiti wao, ambaye wakati anayasema haya hajui lolote kuhusu mkono. "Huyu mama amefundisha nusu ya kijiji kukandika, na nyumba yake imekaa kama ya watu waliohama. Tukasema mwaka huu sisi tumfanyie. Zawadi yake ya Krismasi."

Walikuwa wanawake kumi na mmoja, na walifanya kwa siku moja kazi ya siku tatu. Walitoa magunia, wakaziba fito, wakakandika ndani na nje, wakachora mistari mitatu, nyekundu, nyeupe na nyeusi, vile Priscilla anavyochora yeye. Juu ya mlango wakatundika nyota ya milala. Priscilla alirudi mkesha wa Krismasi saa kumi jioni, na akawakuta wamesimama uani wanamwimbia.

"Nyumba ilikuwa nzuri," anasema. "Nikuambie ukweli wa kazi, ilikuwa nzuri sana. Nikaingia ndani, nikavuta mlango."

Nyuma ya mlango ukuta ulikuwa mbichi, laini, umetulia.

"Nikatoka nikawapikia chai. Nikawashukuru mmoja mmoja kwa jina. Mtu amekupa zawadi, na udongo wa zawadi yenyewe bado uko kwenye kucha zake, utamwambia nini?"

Enos alirudi jua likizama. Aliingia, akatoka, akakaa chini ameegemea ukuta kwa nje, mpaka chakula chake kikapoa. Watu walidhani amechoka na viboko.

Ni uchungu wa namna yake, kuibiwa na watu wanaokupenda. Mwizi unamlaani, unampigia kelele, unamtafutia polisi. Hawa unawapikia chai.

Januari Priscilla alijikaza akamuuliza Dorothy swali moja, tena kwa sauti ya fundi anayekagua kazi: je, kabla ya kukandika, walichanja? Maana udongo mpya ukiwekwa juu ya ukuta mkavu usiochanjwa haushiki. Unakaa tu hapo kama mgeni, siku moja unabanduka. Na alikuwa akiomba kimoyomoyo, yeye aliyekesha miaka akiwafundisha kazi safi, waseme waliharakisha, waseme waliruka.

"Tulichanja kote, Mama Zachary!" Dorothy alimjibu kwa fahari. "Vile ulitufundisha. Hakuna mahali tuliruka."

Priscilla anatikisa kichwa akikumbuka. "Nilikuwa nimewafundisha vizuri," anasema.

Basi akaacha kutumaini. Mwezi wa saba, akifagia, mpini wa ufagio uligonga ukuta nyuma ya mlango, na ukuta ukalia utupu. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Pengine pote ukuta uliitikia kwa sauti nzito, na pale peke yake ukaitikia kama kibuyu. Alijiambia ni mchwa. Tangu hapo anapagonga kila asubuhi, na kila asubuhi anajiambia ni mchwa.

Hapo, uani kwa Bwana Oliver, anamaliza kusimulia. Watoto wameshatawanyika. Qabale, aliyekuwa akikung'uta magunia kimya kimya, anamwacha punda, anakuja na kuchuchumaa mbele ya ndoo.

"Mama Zachary," anasema. "Hiyo mkono, mimi niliona."

"Mkono gani?"

"Ya nyuma ya mlango. Ile siku ya wamama."

Ikatokea kwamba siku ile Qabale alikuwa amepeleka mavi, kama kawaida, na kina mama wakamwambia asiondoke. Hakuwahi kukandika ukuta maishani mwake. Nyumba za kwao ni za fito na mikeka ya nyasi. Watu wakihama, nyumba hukunjwa ikapakiwa juu ya mnyama. Lakini Krismasi ikiwa si yake, jirani ni wake, basi akakunja mikono ya dera. Kina mama walimcheka alivyoushika udongo, wakampa kona ya nyuma ya mlango, ambako kazi mbaya haionekani. Wakampa na panga.

"Dorothy aliniambia, chanja kwanza. Mimi naangalia, naona mkono. Ndogo. Mimi najua ni ya nani, si alikuwa anakunywa maziwa kwangu?" Qabale anaitazama mikono yake mwenyewe. "Nikasema hapana. Mkono ya mtoto nitakata na panga aje? Nikaweka matope juu polepole tu, kama nafunika yeye alale. Nilifikiri ni wewe umesema ifunikwe. Ndiyo maana sikuuliza."

Priscilla amesimama. Anauliza kama daktari.

"Hukuchanja?"

"Sikuchanja."

"Maji ulimwaga?"

"Maji ya nini?"

"Ukutani, Mama Jatani! Kabla ya udongo! Hukumwaga maji?"

"Wallahi, hata tone."

Kwa kanuni za ufundi, hiyo ni kazi mbovu kuliko zote. Hakuchanja, hakulowesha, na alikandika juu ya alama iliyotiwa majivu. Mwanafunzi wa Priscilla akifanya hivyo hurudishwa nyumbani. Priscilla anafunika uso kwa mikono yake yenye udongo, na akiiondoa, uso umebaki na michirizi.

Halafu anarudi shimoni. Atakayeshangaa hajui wanaoishi kwa mikono yao. Anaongeza maji, anaukanyaga udongo mpaka unaamka, na anaukandika ukuta wa Bwana Oliver wote, anausiriba, anauchora mistari. Saa nane ukuta umekwisha. Hauna mkono hata mmoja. Bwana Oliver, ambaye amesikia zaidi ya alivyotaka, analipa na kumwambia asante mama, na simu yake haionekani tena.

Saa kumi na moja jioni Priscilla na Qabale wako Kulesa. Enos Changawa, mwanamume mrefu asiye na maneno mengi, anaelezwa mlangoni kwa sentensi mbili. Anaingia, anaung'oa mlango kwenye bawaba na kuutoa nje ili mwanga upite.

Priscilla anagonga ukuta, anatafuta mpaka wa utupu, anauwekea alama kwa mkaa. Panga hataki hata kuliona. Anachukua kisu kidogo cha kuchania milala na kuanza kukata pembeni mwa alama, kidogo kidogo, akipuliza vumbi. Enos amepiga magoti chini yake, leso imetandazwa juu ya mikono yake miwili. Qabale amesimama nje ya kizingiti na hataki kuingia.

Inachukua muda wa kuchemsha maharagwe. Mwishowe udongo wa Qabale unaachia wote kwa pamoja, bamba zima la ukubwa wa sinia, unaelemea mbele na kulala juu ya leso. Na hapo ukutani, kwa muda wa pumzi moja, mkono upo. Vidole vitano. Kiganja. Gumba limezama.

Kisha ukuta unaanza kumwagika. Udongo wa ndani, ule wa 2022, ulinyonya maji ya mafuriko kutoka chini na ukakauka bila kutengenezwa, na kilichokuwa kikiushika ni lile bamba lililotolewa sasa hivi. Kidole cha kwanza kinakwenda. Priscilla anaweka kiganja chake kuzuia, na unamwagika kati ya vidole vyake, mkavu kama unga, mpaka zinabaki fito.

Enos anatoa sauti ambayo si neno. Priscilla bado amekishikilia kiganja chake ukutani, ambako hapana tena kitu cha kushikilia.

"Nimemwachia tena," anasema. "Enos, nimemwachia tena."

Ni Qabale, kule mlangoni, anayenyoosha kidole.

"Baba Zachary. Hiyo iko kwa mkono yako. Geuza."

Enos haelewi. Anaishusha leso sakafuni, anaingiza vidole chini ya bamba, analigeuza taratibu kama anageuza mgonjwa.

Upande wa nyuma wa udongo wa Qabale umesimama mkono. Haukuzama, umeinuka. Matope aliyoyaweka polepole yaliingia katika kila kishimo alichokiacha mtoto, yakakauka humo, na sasa yametoka na umbo lake: kiganja kilichonenepa, vidole vimetanuka, gumba limejaa kuliko vyote kwa sababu ndilo alilolisukuma zaidi. Kidole kidogo kimevunjika, kimebaki kwenye vumbi lile. Vingine vyote vipo. Ni mkono wa kulia wa mtoto wa miaka saba, umeelekea juu kama unaoomba kupewa kitu, na umetokea upande wa pili.

Priscilla anakaa sakafuni. Anafuta mkono wake wa kushoto kwenye leso, anaufuta tena, na anauweka juu ya ule wa udongo, kiganja kwa kiganja. Anakaa hivyo. Enos analia waziwazi, bila kujificha, kama watu wanavyolia msibani na kama yeye hakulia msibani.

Udongo wenye mavi na nyasi hauchomwi ukawa chungu. Ukiutia motoni unasambaratika. Ukiutia maji unarudi kuwa tope. Hilo fundi analijua, na halipambi. Mkono huu utadumu kadiri utakavyokaa pakavu, na mto Tana haujawahi kumwahidi mtu pakavu.

Anaufunga kwa leso mbili na kuulaza juu ya kitanda. Kisha anasimama, anautazama ukuta uliotoboka, na ufundi unamrudia usoni.

"Mama Jatani, kesho niletee gunia moja," anasema. "Krismasi haiwezi kunikuta na shimo. Na wewe uje, nikufundishe kuchanja."

Qabale anatikisa kichwa kabla hajamaliza. "Hapana, Mama Zachary. Hiyo mimi sitaki kujua."

Akiulizwa kama habari hii iandikwe, na kina mama wa kanisa waisome, Priscilla anafikiri kidogo. "Andika," anasema. "Lakini uandike nyumba yao ilikuwa nzuri. Na chai niliwapikia kwa moyo, hata kama moyo wenyewe ulikuwa unauma."

Januari watahama. Yeye mwenyewe amemwambia Enos, bila kusihiwa, na Enos amekwenda kuulizia mkokoteni. Vyombo, kuku na milango vitakwenda kwa mtumbwi, nusu saa tu. Leso ile ataibeba yeye, mapajani, na kwenye nyumba mpya ataujengea mkono mahali nyuma ya mlango, juu, karibu na paa.

"Sisi tutazunguka na barabara," anasema. "Hata ikiwa siku nzima. Majini simpitishi tena."